Kanisa Lisilo na Kengele: Habari za Kijiji cha Ramsau katika Milima ya Alpi

Utangulizi

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka mia moja ya usharika wetu, msomaji amekwisha kuona habari za wazee wetu wa kwanza, za majengo yetu, na za wachungaji na wainjilisti waliotumika hapa. Huenda akashangaa kukuta pia sura inayohusu kijiji kidogo cha nchi ya Austria, mahali ambapo wengi wetu hatujafika. Sababu ya kuiweka sura hii ni moja. Sisi tunahesabu miaka mia moja ya kuwa na ibada ya hadharani, nyumba ya ibada, kengele na mchungaji. Watu wa Ramsau walikaa miaka 181 bila hata kimoja cha vitu hivyo, na siku walipopewa ruhusa ya kujitokeza, walijitokeza wakiwa wangali Walutheri. Ni vema kuuliza jambo hili liliwezekanaje, na liliwagharimu nini.

Mahali kijiji kilipo

Kijiji hiki huitwa kwa jina lake kamili Ramsau am Dachstein, yaani Ramsau iliyo chini ya mlima Dachstein. Kiko katika jimbo la Styria, upande wa kaskazini-magharibi wa jimbo hilo, mpakani na nchi ya Salzburg. Chini yake kuna bonde la mto Enns, na ndani ya bonde hilo mji mdogo wa Schladming, ulio mita 745 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu akipanda kutoka Schladming kwa njia ya msituni, hutokea ghafula kwenye uwanda mpana wenye mwanga, ulio na kimo cha mita zipatazo 1,100. Huo ndio uwanda wa Ramsau. Eneo lote la kijiji, pamoja na misitu na miamba yake, ni kama kilomita za mraba 75, na wakazi wake ni wapatao 2,800.

Kaskazini mwa uwanda husimama Dachstein kama ukuta. Ni mlima wa mawe ya chokaa, na kilele chake kina urefu wa mita 2,995. Uso wake wa kusini, unaoitazama Ramsau, ni jabali wima la mita zaidi ya 800. Ukuta huo huwakinga wakazi dhidi ya pepo za kaskazini, na kwa kuwa uwanda umeinamia kusini, jua la kipupwe huwafikia hata wakati mabonde ya jirani yamo gizani. Upande wa pili wa mto Enns ipo milima ya Tauern, ambayo mawe yake ni ya namna nyingine. Ndani yake mlikuwamo fedha na shaba, na madini hayo, kama tutakavyoona, ndiyo yaliyoiletea nchi hii habari za Matengenezo ya Kanisa.

Msomaji aliyezaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro au Meru asidhani kwamba kijiji maana yake ni nyumba zilizosongamana. Nyumba za Ramsau zimetawanyika, kila moja katikati ya mashamba na malisho yake. Sehemu za kijiji zina majina yake, kama vile Kulm, Ort, Leiten na Rössing. Hapo Kulm lipo kanisa la kale la Kikatoliki, lililowekwa wakfu kwa jina la Mtakatifu Rupert, ambalo ni la zamani kuliko Matengenezo yenyewe.

Watu na kazi zao

Kwa karne nyingi watu wa Ramsau waliishi kwa ng'ombe, kondoo na nafaka chache zinazovumilia baridi. Majira ya kilimo ni mafupi. Theluji hufunika ardhi kwa miezi mingi, na katika miezi hiyo mifugo hukaa zizini ikila nyasi zilizokatwa, kukaushwa na kuhifadhiwa wakati wa kiangazi. Kiangazi kilipofika, mifugo ilipandishwa kwenye malisho ya juu karibu na miamba, pamoja na wachungaji wa mifugo na wanawake waliokamua maziwa na kutengeneza jibini hukohuko. Vuli ilipokaribia, wote waliteremka. Desturi hiyo ingali ipo, ingawa wenye kuifuata wamepungua.

Kazi nyingine ya kale ni ya sufu. Sufu ya kondoo ilifumwa, kisha ikapondwapondwa majini mpaka ikawa kitambaa kizito kisichopitisha upepo wala mvua, kiitwacho Loden. Kinu cha kupondea kitambaa hicho huko Rössing kimetajwa katika maandishi tangu mwaka 1434, na hadi leo kazi hiyo inaendelea mahali hapo.

Desturi moja ya watu hawa yafaa itajwe kwa sababu inahusu sana habari zinazofuata. Kila shamba lina jina lake, na jina hilo halibadiliki hata wenyewe wakibadilika. Mtu aliyeoa au kununua na kuingia katika shamba, majirani humwita kwa jina la shamba kuliko kwa jina la ukoo wake. Tena, shamba halikugawanywa. Mtoto mmoja alirithi lote, na ndugu zake wakabaki kuwa watumishi humo au wakaenda kutafuta maisha kwingine. Wachagga, wenye vihamba vilivyorithiwa kizazi hata kizazi, wataelewa upesi maana ya jambo hili, ingawa sheria za urithi hazifanani. Nyumba ilikuwa zaidi ya mahali pa kulala. Ilikuwa kumbukumbu ya watu. Na nyumba ndiyo iliyokuja kuwa kanisa.

Neno linafika kwa njia ya wachimba madini

Mwanzoni mwa karne ya 16 Schladming ulikuwa mji wa machimbo. Wachimbaji walitoka sehemu nyingi za nchi za Kijerumani, na pamoja na nyundo zao walileta habari na maandishi madogo yaliyochapishwa ya Martin Luther. Mafundisho mapya yalienea upesi miongoni mwa wachimbaji na wakulima. Lakini yalichanganyika na malalamiko mengine ya kweli, ya kodi na kazi za kulazimishwa. Mwaka 1525, wakati wakulima wa nchi nyingi za Kijerumani walipoasi, wakulima na wachimbaji wakiongozwa na Michael Gruber waliuvamia mji wa Schladming alfajiri ya tarehe 3 Julai, wakamteka gavana wa Styria, Siegmund von Dietrichstein. Kisasi hakikukawia. Katika vuli ya mwaka huohuo jeshi la Niklas Salm liliuteketeza mji kwa moto.

Tukumbuke kwamba Luther mwenyewe aliandika kwa ukali dhidi ya uasi wa wakulima. Hata hivyo, majivu ya Schladming hayakuyazima mafundisho yake. Katika miaka iliyofuata walio wengi katika Styria, makabaila, wenyeji wa miji na wakulima, waliupokea Ulutheri. Mwaka 1578, katika mji wa Bruck, mtawala Karl II alilazimika kuwaahidi makabaila na miji mikubwa kwamba hatawasumbua kwa ajili ya imani yao. Katika mji mkuu wa jimbo, Graz, ilikuwapo shule kubwa ya Kilutheri, ambamo Johannes Kepler, mtaalamu mashuhuri wa nyota, alifundisha hesabu tangu 1594.

Mwaka 1600 na uliofuata

Mwana wa Karl, Ferdinand, ambaye baadaye alikuwa Kaisari Ferdinand II, aliazimia kuirudisha nchi yote katika Kanisa Katoliki. Mwaka 1598 aliwafukuza wahubiri wa Kilutheri. Miaka ya 1599 na 1600 tume ilizunguka nchini pamoja na askari, ikiongozwa na Martin Brenner, askofu wa Seckau. Nyumba za ibada za Kilutheri zilibomolewa, nyingine kwa baruti, na vitabu vikachomwa moto hadharani. Watu waliwekwa mbele ya uchaguzi: kuapa kuwa Wakatoliki au kuondoka. Kepler naye, kwa kuwa hakukubali kuiacha imani yake, aliondoka Graz mwaka 1600.

Mtu msomi aliweza kuhama, kwa maana elimu yake aliibeba kichwani. Lakini mkulima wa Ramsau angeibebaje ardhi yake? Wengi waliapa kwa midomo, wakarudi nyumbani, wakafunga mlango, wakaendelea kusoma.

Hivyo ndivyo ulivyoanza wakati ambao wanahistoria wa Austria huuita wakati wa Ukristo wa siri. Kwa nje watu walikuwa Wakatoliki. Watoto walibatizwa na padre, ndoa zilifungwa na padre, na wafu walizikwa naye. Wakati wa Pasaka kila mtu alidaiwa cheti cha kuonyesha kwamba ameungama. Kwa ndani, jioni na siku za Jumapili, baba au mama wa nyumba alikitoa kitabu mahali kilipofichwa, akawasomea watoto na watumishi wa nyumba hiyo. Vitabu vilifichwa chini ya sakafu, ndani ya kuta za mbao, katika maghala ya nyasi na mapipa ya nafaka. Vilikuwa Biblia ya Luther, Katekisimo, vitabu vya nyimbo na sala, na vitabu vikubwa vya mahubiri vyenye hubiri kwa kila Jumapili ya mwaka. Kwa kuwa hapakuwa na mhubiri, kitabu kilihubiri.

Vitabu hivyo vilitoka mbali. Wachuuzi na wafanyabiashara wa ng'ombe walivileta kutoka miji ya Kilutheri ya kusini mwa Ujerumani, kama Nürnberg na Regensburg, wakivibeba mgongoni pamoja na bidhaa nyingine na kuvuka nao milimani. Miongoni mwa maandishi yaliyopendwa sana zilikuwamo barua za Joseph Schaitberger, mchimbaji wa chumvi kutoka Dürrnberg katika nchi ya Salzburg. Yeye alifukuzwa kwa ajili ya imani yake mwaka 1686, akaishi Nürnberg, na kutoka huko akawaandikia ndugu zake waliobaki ili kuwatia moyo. Aliyekutwa na kitabu cha namna hiyo aliweza kutozwa faini, kufungwa au kuhamishwa.

Gharama ya kukaa kimya

Haitupasi kuyasimulia haya kana kwamba yalikuwa ushindi mtupu. Maisha ya namna mbili yana uchungu wake. Mzazi aliyemfundisha mtoto wake amri ya nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo, ilimbidi pia amfundishe nini asiseme mbele ya padre na mwalimu. Watu waliipokea Meza ya Bwana kwa namna ambayo dhamiri zao hazikuikubali, au waliikosa maisha yao yote kama walivyoijua kutoka katika Katekisimo. Schaitberger aliwaonya waziwazi ndugu zake juu ya hatari ya kuikana imani kwa nje. Wengine walimsikia wakaondoka. Wengine walikaa. Mimi siwezi kuwahukumu waliokaa, wala siwezi kuwafanya waliokaa kuwa mashujaa kuliko waliokwenda.

Waliokwenda walikuwa wengi, nao waliondoka jirani kabisa na Ramsau. Tarehe 31 Oktoba 1731, siku yenyewe ya ukumbusho wa Matengenezo, askofu mkuu Leopold Anton von Firmian, aliyeitawala Salzburg kama dola yake, alitia sahihi amri ya kuwafukuza Waprotestanti. Watu wapatao 20,000 waliondoka, wasio na ardhi wakitangulia wakati wa kipupwe. Wengi wao walipokewa na Mfalme Friedrich Wilhelm I katika Prussia ya Mashariki. Wachache walivuka bahari hadi Georgia, Amerika, ambako walianzisha makao ya Ebenezer mwaka 1734.

Upande wa Austria, ambao Ramsau ilikuwa chini yake, watawala hawakutaka kupoteza raia. Basi waliwahamisha watu kwa nguvu hadi Transylvania, mpaka wa mbali wa milki yao, ambako Ulutheri uliruhusiwa. Uhamisho huo ulianza mwaka 1734 chini ya Kaisari Karl VI, ukaendelea chini ya binti yake Maria Theresa. Kutoka Styria watu walipelekwa huko katika miaka ya 1750, na wengine tena katika miaka ya 1770. Mara nyingi watoto wadogo walizuiliwa nyuma ili walelewe katika imani nyingine. Wazao wa waliohamishwa walidumu katika vijiji vya Neppendorf, Großau na Großpold kwa zaidi ya miaka mia mbili, wakihifadhi lahaja ya milima walikotoka, mpaka wengi wao walipohamia Ujerumani baada ya mabadiliko ya utawala wa Romania mwaka 1989.

Tena kuna jambo la kutufikirisha sisi tunaolipenda neno misheni. Katika miaka ya 1750 serikali ilianzisha vituo vya misheni katika nchi hiyo ya milima. Wamisionari hao walitumwa kwa watu waliobatizwa, wapekue vitabu vyao na kupima imani yao. Wazee wa Ramsau waliposikia neno mmisionari, walisikia hatua za mtu anayekuja kupekua nyumba.

Mwaka 1781

Tarehe 13 Oktoba 1781 Kaisari Joseph II, mwana wa Maria Theresa, alitoa Hati ya Uvumilivu. Kwa hati hiyo Walutheri, Wareformati na Waorthodoksi waliruhusiwa kuabudu kwa faragha. Palipokuwa na familia 100 au watu 500, wangeweza kujenga nyumba ya sala, kumwita mchungaji na kuwa na shule. Lakini nyumba hiyo isingekuwa na mnara, wala kengele, wala mlango unaofungukia barabara kuu, yaani isionekane kuwa kanisa. Ada za ubatizo, ndoa na maziko ziliendelea kulipwa kwa paroko wa Kikatoliki. Na kila aliyetaka kuhesabiwa kuwa Mlutheri alitakiwa kwenda mwenyewe mbele ya maofisa na kutamka hivyo. Tangu mwaka 1783 aliyetaka kujitokeza alipaswa kwanza kupitia mafundisho ya Kikatoliki ya majuma sita.

Tuwaze hofu ya siku hizo. Kwa vizazi sita watu walifundishwa kuficha jambo moja, na sasa waliambiwa walitaje mbele ya serikali ileile. Miaka michache tu ilikuwa imepita tangu watu wa jimbo lao wahamishwe. Je, huu haukuwa mtego? Walikwenda hata hivyo. Sehemu kubwa ya nyumba za Ramsau ilijiandikisha, na mwaka 1782 usharika ulianzishwa. Nyumba ya sala ikafuata. Wachungaji wa kwanza wa sharika za namna hiyo katika Austria walilazimika kutoka nchi nyingine, hasa Hungary na Ujerumani, kwa maana ndani ya nchi hapakuwa na hata mmoja. Walifika wakitarajia kuanza kufundisha kutoka mwanzo, nao wakawakuta watu wanaozijua nyimbo kwa moyo na wenye vitabu vilivyochakaa kwa kusomwa.

Kanisa, mnara na mlima

Masharti ya Hati ya Uvumilivu yaliondolewa hatua kwa hatua. Baada ya mapinduzi ya 1848 minara na kengele ziliruhusiwa, na tarehe 8 Aprili 1861 Kaisari Franz Joseph alitoa Hati ya Waprotestanti iliyowapa haki sawa mbele ya sheria. Huko Schladming kanisa kubwa la Kilutheri lilikamilika mwaka 1862. Watu wa Ramsau walijenga kanisa lao la sasa kati ya mwaka 1888 na 1895, lenye mnara unaoonekana kutoka kila upande wa uwanda. Mtu anayejua habari zilizotangulia hawezi kuutazama mnara ule kama pambo. Hadi leo Walutheri ndio walio wengi katika Ramsau, jambo lililo adimu mno katika Austria.

Wakati huohuo ulimwengu uliugundua mlima. Wazee walikuwa wameuogopa Dachstein na kuutumia kwa malisho. Sasa walifika wageni waliotaka kuupanda kwa kupenda tu. Tarehe 22 Septemba 1909 ndugu wawili wa Ramsau, Irg na Franz Steiner, waliupanda uso wake wa kusini kwa njia ambayo hadi leo huitwa kwa jina lao. Zama hizo za wapandaji milima zinatugusa sisi pia. Ludwig Purtscheller, aliyefika kilele cha Kilimanjaro pamoja na Hans Meyer mwezi Oktoba 1889, alikuwa mwalimu katika mji wa Salzburg, naye alijifunza ustadi wake katika milima hiyohiyo ya Alpi.

Mwaka 1969 gari la kamba lilifunguliwa, likiwachukua watu hadi kwenye barafu ya Dachstein, karibu mita 2,700 juu. Nyumba za wakulima zikawa pia nyumba za wageni, na kijana ambaye zamani angekwenda kutafuta utumishi kwingine akapata kazi nyumbani. Mwezi Februari 1999 mashindano ya dunia ya kuteleza kwenye theluji kwa mtindo wa Nordiki yalifanyika Ramsau. Lakini barafu yenyewe inayeyuka. Mwaka 2022 kampuni inayohusika ilitangaza kusimamisha mashine za kuwapandisha watelezaji kwenye barafu hiyo, kwa sababu ilikuwa imepungua mno. Sisi tunaoitazama Kilimanjaro ikipoteza weupe wake hatuhitaji kuelezwa maana ya habari hizo.

Kivuli katika historia hii

Historia ya kanisa ikiandikwa kwa ajili ya sherehe, hushawishika kuruka kurasa zenye giza. Walutheri wa Austria wanao ukurasa wa namna hiyo. Katika miaka ya 1930 nchi yao ilikuwa chini ya serikali iliyojitambulisha na Ukatoliki, na kumbukumbu za kale ziliamka. Adolf Hitler alipoitwaa Austria mwezi Machi 1938, Walutheri wengi, pamoja na viongozi wao, walimshangilia kama mkombozi. Watu ambao mababu zao waliteswa kwa ajili ya imani hawakutambua, au hawakutaka kutambua, kwamba jirani zao Wayahudi walikuwa wakifanyiwa mabaya makubwa zaidi. Mwaka 1998 Sinodi Kuu ya Makanisa ya Kiinjili ya Austria ilitoa tamko lenye jina la Wakati wa Kugeuka, ikakiri hatia hiyo.

Basi mateso peke yake hayamfundishi mtu rehema. Kumbukumbu ya kuonewa yaweza kumfungua mtu macho amwone anayeonewa leo, na yaweza pia kumpofusha.

Upande mwingine nao umetubu. Mwaka 1966 askofu mkuu wa Salzburg, Andreas Rohracher, aliomba msamaha kwa ajili ya kufukuzwa kwa Waprotestanti na mtangulizi wake. Na tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Katika Ramsau ya leo kanisa la Kulm na kanisa la Kilutheri ni majirani, na kengele za yote mawili husikika.

Neno kwa usharika wetu

Wazee wa sharika za kaskazini mwa Tanzania waliijua kwa kiasi hali ya Ramsau. Wamisionari wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, waliondolewa na serikali ya Waingereza mwaka 1920, baada ya vita. Kwa miaka kadhaa, mpaka waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka hiyo ya 1920, sharika nyingi ziliendeshwa na walimu na wazee wenyeji, pamoja na msaada wa wamisionari wachache wa Augustana kutoka Marekani. Waliotabiri kwamba kazi ingekufa walikosea. Watu walikuwa na Neno kwa lugha waliyoielewa, na walikuwapo wenye kulisoma mbele ya wengine.

Hilo ndilo jambo moja linaloonekana wazi katika habari za Ramsau. Kilichodumu miaka ile 181 kilidumu nyumbani. Hapakuwa na mkutano mkuu, wala kamati, wala jengo. Palikuwa na kitabu, na mtu mzima aliyejua kukisoma, na watoto waliokaa wakasikiliza. Nyumba moja ikishindwa, jirani yake aliendelea. Mtoto aliyefundishwa kusoma na mama yake juu ya kitabu kilichokatazwa hakukisahau kitabu hicho.

Sisi leo tuna vingi ambavyo wao hawakuwa navyo: kanisa imara, vipaza sauti, kwaya nyingi, wachungaji waliosoma na Dayosisi inayotuangalia. Tumshukuru Mungu kwa hivyo vyote, wala tusivione kuwa vibaya. Lakini tunapoingia katika karne ya pili ya usharika huu, kila nyumba na ijiulize swali hili: kama mlango wa kanisa ungefungwa kesho kwa muda usiojulikana, ni nani chini ya paa letu angekichukua kitabu jioni, akawasomea wengine? Jibu la swali hilo haliandikwi na mchungaji wala na baraza la wazee. Linaandikwa mezani, baada ya chakula cha jioni, na watakaosoma kitabu cha miaka mia mbili ya usharika huu ndio watakaolijua.

Bwana alilinde kanisa lake, la huku kwetu na la kule milimani, sasa na hata milele.